Tovuti za gemu hazikufa kwa kukosa mashabiki

Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliwashwa, na Dar es Salaam ikaunganishwa na dunia kwa waya unaopita chini ya bahari. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa setilaiti: intaneti ghali, ya kugawana, inayosuasua mvua ikinyesha. Tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo Yahoo ikaizima GeoCities, mahali ambapo mamilioni ya watu wasio na kampuni wala mtaji walikuwa wamejijengea kurasa za bure tangu katikati ya miaka ya tisini. Kati ya tukio moja na jingine ni miezi mitatu. Ndiyo kwanza tunashusha mizigo mjini, mtaa tuliokuwa tukiusikia unabomolewa.

Na ulikuwa mtaa kweli. GeoCities ilianza mwaka 1994 na ikagawanywa kama mji: wapenzi wa hadithi za sayansi walikaa Area51, wapenzi wa katuni za Kijapani wakakaa Tokyo, watu wa gemu wakapangiwa TimesSquare. Anwani ya ukurasa wako ilikuwa jina la mtaa na namba ya nyumba. (Wengi wetu tulikuja kubandikiwa namba kwenye nyumba zetu halisi mwaka 2022, katika operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa. Kijana wa Marekani mwenye ukurasa wa gemu ya Zelda alikuwa na yake miaka ishirini na ushee kabla yetu, tena ya nyumba isiyokuwepo.)

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kifo cha tovuti za mashabiki wa gemu ni mafupi mno: ikaja Facebook, ikaja YouTube, watu wakahama. Siyakubali yakisimama peke yake. Mashabiki hawakupungua, waliongezeka mara nyingi. Shida ni kwamba kazi yao ilijengwa juu ya kiwanja cha mtu, kiwanja kikauzwa, kikauzwa tena, mpaka kikamfikia mmiliki asiyejua hata kilichojengwa juu yake. Aliyewahi kupanga Sinza au Tabata anaijua hadithi hiyo: umelipa kodi ya miezi sita, umepaka rangi, umeweka grili za madirisha kwa hela yako, halafu anatokea mtu usiyemjua na karatasi mkononi anakwambia nyumba imeuzwa.

Kabla ya kufika kwenye mauzo, tuiangalie kazi yenyewe, maana ndiyo inayosahaulika haraka.

Mwaka 1996 ukikwama kwenye gemu ulikuwa na jarida, au namba ya simu ya kampuni kama uko nchi zao, au rafiki anayejua. Tovuti ya shabiki iliingia hapo katikati ikazimeza njia zote. Mmoja alichora ramani ya kila chumba. Mwingine aliorodhesha kila silaha na nguvu yake. Wa tatu alikusanya uvumi, na uvumi ulikuwa nusu ya utamu. Final Fantasy VII ilipotoka mwaka 1997, mhusika wake aitwaye Aeris aliuawa hadithi ikiwa haijafika mwisho, na kwa miaka mashabiki waliandikiana maelekezo marefu ya namna ya kumfufua. Hayakufanya kazi hata moja, kwa sababu waliotengeneza gemu hawakuweka njia hiyo. Kwenye Pokémon za kwanza kulikuwa na lori limeegeshwa bandarini karibu na meli, na watoto wa mabara tofauti, wasiojuana kabisa, waliapa kwamba ukilisogeza unampata Mew, kiumbe adimu kuliko wote. Lori lilikuwepo kweli. Mew hakuwepo.

Sitaki kuzipamba kurasa zile. Zilikuwa na nyota zinazomemeta, muziki unaojipiga wenyewe, kihesabu cha wageni na bango la "bado tunajenga" ambalo lilibaki pale mpaka mwisho. Nyingi ziliibiana maandishi. Nyingi ziliachwa kabla hazijamaliza mwezi. Lakini kila ukurasa ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana kwa jina, hata kama ni la kubuni, na ukimwandikia kwamba ramani yake ya ghorofa ya tatu ina kosa, alirekebisha.

Ninayoipenda zaidi ni ile isiyokuwa na urembo hata kidogo. GameFAQs ilianzishwa na Mmarekani Jeff Veasey Novemba 1995 kama ghala la miongozo ya gemu iliyokuwa imetapakaa huku na kule mtandaoni, na mwaka uliofuata ikapata jina hilo inalotumia mpaka leo. Miongozo ilikuwa maandishi matupu. Ramani zilichorwa kwa alama za kibodi, mistari na nyota na mabano, nyingine kwa ufundi wa kushangaza. Juu kabisa palikaa jina la gemu lililochongwa kwa herufi kubwa, kisha jina la mwandishi, namba ya toleo, tarehe, na historia ya marekebisho: hapa nimeongeza sura ya sita, hapa nimesahihisha kosa alilolibaini msomaji fulani, namshukuru. Mahali fulani palikuwa na tangazo la hakimiliki, mara nyingi la hasira, likitaja majarida na tovuti zisizoruhusiwa kunakili. Hasira hiyo ilikuwa na sababu, maana wizi ulikuwa wa kila siku.

Watu waliandika vitabu pale. Mwongozo wa gemu ndefu ya Kijapani ungeweza kupita herufi laki tatu, umeandikwa usiku na mwanafunzi au karani, bila malipo.

Na umaskini huo wa sura ndio ulioifikisha miongozo hiyo Dar. Herufi moja ni baiti moja, kwa hiyo mwongozo wa herufi laki tatu una uzito wa kilobaiti 300 hivi. Modemu ya kasi ya 56k, siku ikiwa nzuri, inashusha kilobaiti saba kwa sekunde. Mwongozo mzima unashuka kabla dakika haijaisha. Kafe zetu za Posta na Kariakoo hazikuwa na siku nzuri, kompyuta zote zilinyonya waya mmoja, lakini hata pale maandishi yalipenya wakati ukurasa wenye picha ulikula nusu saa uliyolipia na bado haujafunguka. Mwenye hela aliprinti. Asiye nayo alinakili kwenye daftari. Karatasi hiyo ikaingia bandani na kuanza maisha mengine.

Banda la gemu la mjini hapa halihitaji maelezo marefu: televisheni kadhaa, PS2 zilizochipiwa zisome diski za kunakili, diski za Kariakoo kwenye mifuko ya nailoni, benchi, na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004, na sidhani kama kuna maandishi yaliyonakiliwa kwa mkono na vijana wa mji huu kuzidi chiti zake, yaani mipigo ya siri ya vitufe inayompa mchezaji upendeleo. R1, R2, L1, X, kisha kushoto, chini, kulia, juu, na tena kushoto, chini, kulia, juu: afya imejaa, fulana ya kuzuia risasi imejaa, dola 250,000 mfukoni. Aliyeicheza kwenye kompyuta aliandika HESOYAM akapata yaleyale. Ukimuuliza mtu hizi kazitoa wapi, kapewa na fulani, na fulani na fulani. Mwisho wa mnyororo yupo mtu wa mbali aliyezipanga vizuri na kuweka jina lake juu ya ukurasa. Jina hilo lilidondoka palepale kafe. Daftari lina kurasa chache, nani apoteze mistari kwa hakimiliki?

Kuna atakayesema maarifa ya pwani yamesafiri hivyo siku zote, na atanitajia bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lina hatua mbili, namua na mtaji, na ufundi wake umerithishwa barazani, mkubwa akimcheka mdogo mpaka mdogo ajue. Hakuna aliyehitaji tovuti. Hoja ni nzuri, ila bao halibadilishwi kila Septemba. Mzee wa Ilala anamfundisha mjukuu mchezo uleule aliofundishwa na babu yake. Gemu ya video inapewa miaka mitano, saba ikibahatika, kisha mashine yake inatoka madukani, seva zinazimwa, na bingwa wake hana wa kumrithisha. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote ya kawaida. Mdomo unaweza kubeba mchezo unaoishi karne. Huu wa miaka mitano ukishazimwa bila mtu kuandika, hakuna wa kuulizwa.

Sasa viwanja.

Januari 1999 Yahoo ilikubali kuinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 3.57. Thamani hiyo haikutoka kwenye mashine. Ilitokana na watu waliokuwa wamejenga pale bure, na kwenye mauzo hawakuwa na kiti. Miezi michache baadaye kampuni ikatoa masharti mapya yaliyojipa haki kubwa juu ya maandishi na picha za wakazi. Wakazi wakagoma, wengine wakahama, Yahoo ikarudi nyuma. Mgomo ule ulifanikiwa kwa sababu nyumba bado zilikuwa zinaingiza wageni na matangazo. Miaka kumi baadaye haziingizi, na hakukuwa na cha kugomea. Kundi la kujitolea liitwalo Archive Team, likiongozwa na Jason Scott, lilikimbizana na tarehe likinakili lilichoweza. Zilizobaki zimekwenda.

Ulikuwepo muda mfupi ambapo ilionekana mashabiki wangekula kwa kazi yao. Mwishoni mwa miaka ya tisini matangazo ya mabango yalilipa, na kukazuka mitandao iliyokusanya tovuti za gemu chini ya paa moja: lete wasomaji wako, tutakuuzia matangazo, tutagawana. Soko la hisa za teknolojia lilipoanguka kuanzia mwaka 2000, bei ya tangazo ikaanguka nalo. Mtandao mmoja, eFront, ulisambaratika mwaka 2001 baada ya mazungumzo ya ndani ya ICQ, programu ya kuchati, kuvuja na kuonyesha jinsi wenye tovuti walivyokuwa wakizungumziwa na waliotakiwa kuwalipa. Wengine walizima kimya kimya. Mwanafunzi aliyekuwa anaendesha tovuti ya kusomwa na maelfu kila siku alijikuta anadaiwa gharama za seva kwa sababu tu anapendwa.

GameSpy nayo ina somo lake. Ilitokana na programu ndogo ya mwaka 1996 ya kutafuta seva za kuchezea Quake, ikakua na kuwa ukoo mzima wa tovuti, PlanetQuake ikiwa mmojawapo, na ukoo huo uliwapa mashabiki nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao kuhusu gemu moja moja. Ukarimu wa kweli, na kwa miaka kadhaa hapo ndipo palikuwa moyo wa gemu za kupigana risasi mtandaoni. Mwaka 2004 ikaungana na IGN, kampuni ya tovuti za habari za gemu. Mwaka 2005 News Corp ikainunua IGN kwa dola milioni 650. Februari 2013 Ziff Davis ikainunua kutoka News Corp, na mwezi haujaisha ikatangaza kuifunga GameSpy pamoja na tovuti za 1UP na UGO. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Mei 2014, ile huduma ya kuunganisha wachezaji iliyobeba jina lake ikazimwa pia, na gemu nyingi za zamani zikapoteza njia yake ya kuchezwa mtandaoni. Kila aliyeuza alikuwa na hesabu zake, na siwezi kumwita mmoja wao mhalifu. Ndivyo biashara inavyokwenda. Kosa lilifanyika mwanzoni kabisa, pale mtu alipopewa nafasi ya bure na hakuuliza akitaka kuondoka atabeba nini.

GameFAQs haikufungwa. Iliuzwa tu: CNET mwaka 2003, kisha pamoja na CNET ikaingia CBS mwaka 2008, Red Ventures mwaka 2020, Fandom mwaka 2022. Veasey mwenyewe aliondoka mwaka 2007. Miongozo ya zamani bado inasomeka, na naisoma. Kilichopungua ni wanaoandika mipya. Anayejua gemu siku hizi anafungua kamera. Na hapa niruhusiwe kulalamika kidogo: video ya dakika 12 ya kukuonyesha ufunguo mmoja ulipo, dakika mbili za kwanza zikiwa salamu na kuombwa ubonyeze kengele, ni dharau kwa bando la mtu. Makumi ya megabaiti kwa sentensi moja. Kwenye maandishi ungetafuta neno "ufunguo", ukasoma mstari, ukarudi kucheza. Lakini YouTube inalipa, mwongozo wa maandishi haulipi, na mwandishi naye ana kodi ya nyumba.

Mahali pengine maandishi yalikohamia ni kwenye wiki, tovuti za aina ya Wikipedia zinazohaririwa na wasomaji wenyewe, na hapa mambo yanakuwa ya kuvutia kisheria. Kampuni inayoitwa Fandom leo ilianza mwaka 2004 ikiitwa Wikicities, baadaye Wikia, mmoja wa waanzilishi wake akiwa Jimmy Wales wa Wikipedia. Iliwapa mashabiki wa kila gemu wiki ya bure, na mashabiki wakajaza. Matangazo yalipozidi na kurasa zikawa nzito, wengine wakachoka. Wahariri wa wiki ya RuneScape waliondoka mwaka 2018. Wa Minecraft wakaondoka Septemba 2023 wakafungua anwani yao wenyewe. Waliweza kubeba kila kitu kwa sababu maandishi ya wiki yapo chini ya leseni huria: yeyote anaruhusiwa kuyanakili akitaja yalikotoka. Mpangaji aliondoka na grili zake.

Ila nyumba ya zamani haikubaki tupu. Leseni inayomruhusu mpangaji kubeba inamruhusu pia mwenye nyumba kubaki na nakala, kwa hiyo wiki ya zamani inaendelea kusimama palepale, haina wenyewe, inazeeka, na kwenye Google ilikuwa na uzito wa miaka mingi. Waliohama wanashindana na kivuli chao.

Linganisha na mwandishi wa GameFAQs. Yeye hakimiliki ilibaki mkononi mwake, jambo la heshima ambalo wiki haimpi mtu. Kwenye wiki jina lako limezikwa kwenye orodha ya wahariri ambayo hakuna anayeifungua. Lakini mwandishi huyo akipotea, akabadilisha barua pepe, akafariki, hakuna mwenye ruhusa ya kuuhamisha mwongozo wake mahali pengine kihalali. Unakaa pale anapotaka mwenye tovuti ukae. Nikilazimishwa kuchagua nitachagua wiki, na nitachagua kwa shingo upande, maana sijawahi kusoma wiki ya gemu nikacheka, ilhali miongozo ile ya zamani ilikuwa na matusi ya kirafiki, malalamiko ya mapenzi, na aya nzima mwandishi akieleza kwa nini hatua ya saba ilimfanya atupe padi ukutani.

Wapo waliosimama bila kuuza. Serebii, tovuti ya Pokémon, imekuwa ikiendeshwa na Mwingereza Joe Merrick tangu mwaka 1999, na inapata habari mpya karibu kila siku. Anwani yake, matangazo yake, uamuzi wake. Ni mfano mzuri na pia ni wa kutisha, kwa sababu kila kitu kinamtegemea mtu mmoja asichoke. Wengi wamechoka. Kituo cha utafiti cha Pew kilipima mwaka 2023 kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 na kukuta asilimia 38 hazifunguki tena, na hizo ni kurasa za kila aina, za serikali na magazeti zikiwemo.

Kwa nini Dar haikuwa na TimesSquare yake? Jibu la haraka ni umaskini wa mtandao, na mpaka 2009 jibu hilo linatosha. Baada ya hapo halitoshi. Mkongo ulipofika tuliingia moja kwa moja Facebook, tukiwa na simu. Simu inasoma vizuri, inapiga picha vizuri, lakini kujenga tovuti kwa vidole gumba viwili ni adhabu. Kijana wa Marekani wa mwaka 1997 alikuwa na kibodi nyumbani na mchana mzima wa Jumamosi. Wa kwetu wa mwaka 2010 alikuwa na simu ya kuazimana na kifurushi cha siku.

Halafu zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018. Mwenye blogu alitakiwa kuomba leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini: shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Kanuni zimerekebishwa baadaye na ada zikashuka, na sitaki kuzitwika mzigo wote, kwa kuwa tulikuwa na miaka tisa ya mkongo kabla yake na hatukujenga sana. Lakini fikiria kijana wa miaka 17 wa Temeke anayetaka kuweka ramani za gemu mtandaoni kwa Kiswahili. Milioni moja ni PS4 ya mtumba na chenji. Angelipa ili iweje? Akaenda kufungua grupu la WhatsApp, ambako hakuna aliyemuuliza leseni.

Na huko ndiko kulikojaa maisha. Emuleta iitwayo PPSSPP, iliyoanza mwaka 2012, inaigeuza simu kuwa PSP, mashine ya gemu ya mkononi, na ingawa Konami, watengenezaji wa gemu ya soka ya PES, iliachana na PSP muongo uliopita, vijana wanaendelea kuivalisha PES ya zamani vikosi vipya kila msimu: usajili wa dirisha kubwa, nyuso, viwanja, vibao vya matokeo. Kwenye Dream League Soccer kazi ni nyepesi zaidi, jezi ni picha moja tu ya mraba unayoiingiza kwa kiungo, na jezi za Simba na Yanga zinapatikana karibu siku ileile zinapozinduliwa. Hii ni kazi ya shabiki kwa maana ileile ya mwaka 1997. Konami ilipokosa haki za majina na kuiita Chelsea "London FC" na Liverpool "Merseyside Red", mashabiki wa Ulaya ndio waliokaa usiku kubadilisha jina la kila timu na kugawa faili bure. Vijana wa Mbagala ni ndugu zao.

Tofauti iko kwenye mahali faili linapokaa. Linapandishwa MediaFire au Google Drive, kiungo kinawekwa chini ya video ya YouTube au kwenye grupu, na baada ya miezi kadhaa kiungo hakifunguki. Picha za jezi zilizokaa Imgur bila akaunti zilikuwa kwenye hatari yake: Mei 2023 Imgur ilianza kufuta picha za zamani zilizopandishwa bila jina la mtu na zisizotumika. Mwenye grupu akibadilisha simu bila kuhifadhi nakala, miaka ya maswali na majibu inakwenda naye. Status ya WhatsApp ina saa 24. Hapo GeoCities, iliyodumu miaka 15, inaonekana kama mwenye nyumba muungwana.

Hata hivyo kuna upande ambao watu wa kuhifadhi mtandao hawauoni, kwa sababu wanaangalia seva. Faili la PES likishapita gigabaiti moja, hakuna anayetaka kulishusha kwa bando lake. Mmoja analishusha usiku, kisha linasambaa kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili bila bando, na kwa memori kadi, simu hadi simu, kutoka kijiweni hadi bwenini. Kiungo kinakufa, faili liko kwenye simu za watu wasiojuana. GeoCities ilikufa kwa amri moja kwa sababu nakala zote zilikaa kwa mwenye nyumba mmoja. PES ya Mbagala haiwezi kufa hivyo. Inachopoteza ni kile ambacho miongozo ya zamani ilikibeba bila taabu: nani ametengeneza, lini, toleo la ngapi, amerekebisha nini, alisaidiwa na nani. Wale walihifadhi majina wakapoteza nyumba. Sisi tuna vitu vimejaa simuni na hatujui vya nani.

Nililileta suala hili kwa kijana mmoja anayetengeneza jezi na vikosi, nikampendekezea aweke ndani ya kila furushi faili dogo la maandishi, kilobaiti mbili tu, lenye jina lake na historia ya marekebisho. Aliniangalia kwa huruma. "Kaka, nani atalifungua?" Yeye amepata njia yake: amebandika jina lake la utani kwenye picha inayotokea gemu ikiwa inafunguka, kubwa, la njano, kwa sababu msimu uliopita wenzake wa grupu jingine waliichukua kazi yake wakaweka la kwao. Msimu huu, anasema, ameliweka na uwanjani, kwenye mabango ya matangazo nyuma ya goli, mahali ambapo kulifuta ni kazi kubwa kuliko kutengeneza upya.